Mama Mkwe Alitaka Kulowa

Kwetu Kakamega, mwanamume na mama wa mke wake hawashikani mikono. Hawalali chini ya paa moja, hawali mezani pamoja, na wakikutana njiani mmoja huingia kando mwenzake apite. Maneno yao hupitia kwa mtu wa tatu. Nilipooa sikuona ugumu wowote. Mama mkwe aliishi Kabras, katikati ya miwa, na mimi nilikuwa fundi wa redio mjini, nimepanga nyumba mtaa wa Shieywe. Heshima ya namna hiyo ni rahisi kuitunza mkiwa mbali.

Ugumu ulianza mwaka mmoja katikati ya miaka ya tisini, mke wangu alipotoka kwao na ujumbe.

"Mama anataka kwenda kuoga baharini."

Marehemu mume wake alifanya kazi bandarini Mombasa kwa sehemu kubwa ya ujana wake. Kila likizo alirudi na hadithi za bahari, na kila alipoombwa amchukue mkewe akaione, alisema huko si mahali pa wanawake wa huku. "Alikuwa akinisimulia bahari kama mtu anayekula mbele yangu bila kunikaribisha," mama mkwe alimwambia binti yake. Sasa goti lake la kulia lilikuwa limeanza kumkatalia, na daktari alimweleza wazi kwamba halingepata nafuu. Hakutaka kubebwa. Alitaka kuingia baharini kwa miguu yake, mwili mzima, kabla goti halijamfungia nyumbani.

Mke wangu alikuwa na likizo Desemba. Nikakubali.

Mdogo wa marehemu, ambaye ni mzee wa kanisa, alituita Kabras. Mimi na yeye tuliketi sebuleni. Mama mkwe alikaa jikoni, mlango ukiwa wazi nusu, kama desturi inavyotaka.

"Desemba watu wanarudinga nyumbani," mzee alisema. "Nyinyi ndio mnatoka?"

"Tutarudi kabla ya Krismasi, baba."

"Huko ufukweni wazungu wanaanikanga matumbo. Mama mzima, mwenye wajukuu, ataenda kuanika nini?"

Sauti ikatoka jikoni: "Mwambieni nitaanika goti."

Mke wangu alicheka. Mzee hakucheka. Alininyooshea kidole. "Wewe ndiwe mkwe hapa. Siku utakapouona mguu wa mama yako, usije kwangu kuuliza la kufanya."

Nilisema sitakuja. Nami nilikusudia kwamba hatapata sababu ya kunilaumu.

Niliacha shule mapema, na yote ninayoyajua nimeyapata kwa kusoma polepole na kupanga mambo kabla ya kuyagusa. Safari hii niliipanga vivyo hivyo. Katika basi, mama mkwe na binti yake wangekaa mbele na mimi kiti cha nyuma kabisa. Mombasa, wao wangelala gesti moja na mimi nyingine ng'ambo ya barabara. Tungekwenda kwenye hifadhi ya taifa ya baharini, kwa sababu nilisoma kwamba ufuko wake ni safi na una askari wanaolinda. Asubuhi, watu wakiwa wachache, ingekuwa zamu ya wanawake. Mimi ningeketi chini ya mivinje nikiipa bahari mgongo. Mchana tungebadilishana.

Nilikuwa nimepanga kila kitu isipokuwa bahari yenyewe.

Langoni, askari wa hifadhi alitutazama, akamtazama mama mkwe na leso yake na kikapu kilichofunikwa.

"Mnamtafuta nani? Wafanyakazi wa hoteli wanapitia lango lile lingine."

"Hatutafuti mtu," nilisema.

"Sasa mmekuja kufanya nini?"

Mama mkwe alimgeukia binti yake, lakini alisema kwa sauti ya kumfikia askari. "Mwulize, bahari hii ni ya serikali gani? Kama ni ya Kenya, mwambie mwenye Kenya amekuja kuoga."

Askari alikenua meno. "Karibu, mama. Pita."

Nilichagua mvinje wangu, nikaketi nikitazama ukuta wa mawe na uzio wa makuti. Nyuma yangu nilisikia nyayo zao mchangani. Kisha nyayo zikakoma. Nilijua bahari hujaa na kupwa, nilikwishalisoma hilo. Sikuwa nimeuliza ingepwa lini. Zamu niliyowapa wanawake ndiyo iliyoangukia maji yakiwa mbali kabisa, na baina yao na maji palikuwa na uwanda wa miamba yenye ncha, mwani na utelezi. Bahari ingerudi katika zamu yangu.

"Njoo!" mke wangu aliita. "Siwezi kumshika peke yangu!"

Sikugeuka. "Ameanguka?"

"Bado! Lakini akiteleza tutaanguka wote wawili!"

"Mwulize kama ananiruhusu kugeuka!" nilipaza sauti, nikiuambia ukuta. Vijana wa mashua waliokuwa karibu waliangua kicheko.

"Anasema," mke wangu alijibu, "kama unangoja ruhusa, ngoja na maji!"

Mwenye mashua mmoja, wa zile zenye kioo chini za kutazamia samaki, alimwita mama mkwe. "Bibi, usijitese. Panda kwangu, utaona samaki wote bila kulowa."

"Samaki nimewaona sokoni," mama mkwe alisema. "Mimi nataka kulowa."

"Basi ngoja jioni maji yajae."

"Jioni tuna basi. Nimengoja tangu nilipoolewa."

Hapo nikasikia jambo ambalo sikuwahi kulisikia tangu nimwoe binti yake. Hakusema "mwambie". Hakupitia kwa mtu.

"Mkwe," alisema. "Leta mkono."

Niligeuka. Alikuwa amesimama juu ya jiwe, gauni limekunjwa juu ya goti lililovimba, leso kiunoni, ananitazama usoni bila kupepesa. Nilivua viatu nikaenda. Mkono wake ulikuwa mkavu na mgumu, na ulinibana kuliko nilivyoubana mimi. Tulivuka miamba ile polepole, binti yake upande mmoja na mimi upande mwingine, tukipima kila hatua. Maji yalipofika kiunoni aliketi chini kwa makusudi, akazama mpaka kichwa, akaibuka akitema chumvi na kusema jina la mumewe. Kisha akalisema neno moja la Kiluhya ambalo sitaliandika hapa. Halikuwa la kumsifu.

Mpiga picha wa ufukweni alitupiga picha tukitoka majini, bado tumeshikana mikono. Mama mkwe aliitaka picha hiyo. Aliibeba hadi Kabras, akaitundika sebuleni, mahali ambapo kila mgeni huketi akiitazama.

Mzee wa kanisa aliiona kabla mwaka mpya haujaingia. Tuliitwa tena. Safari hii sebule ilijaa watu wa ukoo.

"Mkwe amemshika mama yake mkono, tena mguu uko wazi," mzee alisema. "Picha inasema. Alete kondoo achinjwe, watakaswe, yaishe."

Watu walinitazama. Nilikuwa nimejiandaa kusema kwamba sitaleta, na nilikuwa na sababu zangu kwa mpangilio. Sikuzihitaji. Mama mkwe alitoka jikoni akichechemea kwa fimbo, akasimama katikati ya sebule ambamo mimi nilikuwa nimeketi, jambo ambalo kwa desturi halikupaswa.

"Kutakasa ni kuosha, siyo? Mimi na huyu tulioshwa na bahari nzima. Huyo kondoo mmoja ataongeza nini?"

Mtu mmoja alikohoa ili asicheke. Mzee alisema kwamba mambo ya Mombasa yabaki Mombasa.

"Yalibaki huko miaka yote mume wangu akiwa hai," alisema. "Sasa yamekuja nyumbani."

Kondoo hakuletwa. Desturi nyingine niliendelea kuzishika. Sikulala nyumbani kwake, wala sikula mezani pake. Lakini Jumapili iliyofuata, nje ya kanisa, waumini wakiwa wametoka na mzee amesimama mlangoni akiwaaga, mama mkwe alihamishia fimbo mkono wa kushoto, akaninyooshea wa kulia.

Niliushika, na sikuharakisha kuuachia.