Lundo la Alhamisi

Loji ninayotunzia bustani hapa Karatu ina safu ndefu ya olianda, vichaka vyenye maua ya pinki. Kibandiko kilichokuja navyo kilisema kwao ni pwani zenye joto na ukame, na kweli: kiangazi kikikausha kila kitu, vyenyewe vinachanua kama hayavihusu. Navichukia. Ni sumu tangu mzizi hadi ua, na kila mwezi lazima nivipunguze matawi.

Kiangazi majirani huja kuomba nyasi tunazofyeka. Jirani yangu mmoja, mama mjane, alikuja kila jioni na shuka kuukuu, akafunga mzigo wake, akampelekea ng'ombe wake mmoja aliyekuwa na ndama mchanga. Yangu ilikuwa kazi ndogo tu: nyasi huku, olianda kule kwenye shimo la kuchomea.

Alhamisi ile nilikuwa hoi. Bomba lilikuwa limekauka, nimemwagilia kwa ndoo tangu alfajiri. Nikaacha vyote, nyasi na matawi ya olianda, kwenye lundo moja, nikajiambia nitachambua kesho, nikaenda zangu nyumbani. Yule mama akaja kama kawaida.

Asubuhi nikakuta watu wamejaa zizini kwake. Ng'ombe alikuwa chini, miguu imekakamaa, ndama anamnusa. Wanaume walishaanza kunoa visu ili wagawane nyama.

"Kafura tumbo," mama akaniambia. "Lakini nashukuru, mwanangu. Jana amekula majani yako kwa hamu, sijamwona hivyo tangu mvua ziishe."

Ningeweza kunyamaza. Lakini watoto walikuwa wameshashika sufuria wakisubiri.

"Msile," nikasema. "Kala olianda. Nimechanganya mimi kwenye nyasi."

"Ulijua ni sumu?"

"Nilijua, mama."

Shimo la kumzikia ng'ombe nilichimba mimi, na ardhi ya kiangazi haichimbiki.

Siku hizi nachambua lundo mara mbili kabla sijaondoka, hata nikiwa nimechoka vipi. Mama bado anakuja, maana ndama sasa anakula nyasi. Hunisalimia vizuri, huulizia wanangu. Kisha hutandika shuka, hupiga magoti, na kupitisha kila jani mkononi, moja moja, mpaka jua linazama. Sijawahi kumwambia kwamba nimeshachambua.