Mawe Chini ya Mti wa Komanda

Hakuna kitu cha kunishangaza miye. Shule niliacha darasa la tatu, nikaanza na jembe moja, na leo nusu ya fensi za miti ya sipre za Bukavu zimetoka kwenye kitalu changu.

Lakini Komanda wa jeshi, jirani yangu, aliponiletea ule mti, nilishangaa. Ulikuwa jenevriye mchanga, ndugu wa sipre, hauzidi kimo cha kiganja, umekunjwa kwa waya ndani ya kibakuli. Alipewa zawadi na afisa mmoja wa ng'ambo.

"Papa, uuhamishe mu chungu kipya. Utie udongo mweusi ya Nyantende, ya chini ya migomba, na mavi ya ngombe. Nikitoka Kinshasa nikute umekufa, utazikwa nao."

Akacheka. Miye sikucheka.

Nilipoutoa, mizizi ilinuka kama muhogo uliosahauliwa majini. Mti wa namna ile huoza chini, na juu ukabaki kijani wiki nyingi. Sikujua kama nimeshika mti au maiti. Udongo mnono wa migomba, na mvua zetu hizi, ungeumaliza. Ulitaka changarawe, maji yapite. Lakini nani amwambie Komanda amekosea? Nikaamua: mawe chini, udongo wake juu, unene wa kidole, asione.

Nikaenda Kavumu kwa wajenzi, nikanunua changarawe nyeusi ya volkano, nikaichekecha palepale kwa chekeche ya unga ya mke wangu niliyoibeba. Wakati wa kurudi, kwenye bariyeri iliyofunga barabara, askari wakashusha mfuko wangu.

"Papa, humu iko nini?"

"Mawe, chef. Ya kupandia maua."

"Maua inakula mawe?"

Mwenzake akaupima mfuko kwa mkono. "Mawe gani inachekechwa hivi? Hii ni kasiterite. Unaiba madini ya nchi! Bwana yako ni nani?"

Neno "Komanda" lilikuwa tayari kwenye ulimi. Ningelitamka, wangepiga saluti. Na yeye akirudi angepokelewa na habari kwamba mti wake unalishwa mawe. Nikalimeza.

"Sina bwana. Miye mwenyewe ni patron."

"Eh! Patron! Basi ulipe kama patron."

Wakanikalisha chini, viatu wakavichukua, nikalipa mpaka mfuko wa suruali ukabaki mtupu, ndipo wakanirudishia mawe.

Niliupanda mti kama nilivyoamua. Komanda aliporudi, alichoma kidole kwenye chungu. Kucha iliishia kwenye udongo, haikugusa mawe.

"Si nilikuambia? Udongo ya Nyantende!"

"Ndiyo, Komanda."

Wiki zile kila alfajiri nilichungulia juu ya ukuta wake, hadi ncha mpya zilipochomoza, laini, kijani cha majani ya mbaazi. Mti ulikuwa hai, na miye pia. Mawe yalinigharimu makuta hamsini, nusu zaire. Kunyamaza kule bariyeri kulinigharimu zaire kumi na nane.