Dada wa Upande wa Familia

Haya yalinipata mimi mwenyewe, nikiwa mzima, nimevaa shati lililopigwa pasi. Sikusimuliwa na mtu. Nasema hivyo mapema kwa sababu najua watu wanavyoyapokea mambo ya namna hii, na mimi si mtu wa kudanganyika ovyo. Nina diploma ya uhandisi wa mitambo. Leo nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Nakuru na nyumba ya ghorofa niliyoichora mwenyewe, na vyote nilivipata kwa mikono yangu, bila mjomba serikalini. Mtu kama mimi ana haja gani ya kutunga habari za mizimu? Niamini au usiniamini, lakini nisikilize mpaka mwisho.

Nilikwenda Saudia ile miaka ambayo mawakala walikuwa wamejaa kila mji, wakibandika matangazo ya kazi hadi kwenye nguzo za stima. Nilianza Riyadh, mlinzi wa jengo, miaka miwili. Kisha nikapata kafili mwingine, yaani mwajiri wa kunidhamini, nikahamia Jeddah kuwa dereva wa familia moja mtaa wa Al-Hamra. Nilikuwa dereva bora mtaa mzima. Gari likigoma, wenzangu waliita fundi. Mimi nilifungua boneti. Bosi aliniheshimu sana. Lakini heshima haikai nawe jioni ikakuuliza habari za kwenu. Nililala katika chumba kidogo kando ya geti, na siku nyingine zilipita sijatamka neno isipokuwa "naam, baba" na "sawa, madam". Umewahi kuishi hivyo? Unafika mahali unasoma maandishi ya chupa ya maji kwa sauti, ili tu usikie mtu akiongea.

Kila wiki nilimpeleka madam na watoto kwenye mkahawa mmoja wa sushi, wa bei nafuu, nikawangoja garini. Watoto walitoka wakicheka. Nikawa najiuliza, kwani humo ndani kuna nini? Basi Ijumaa moja, siku yangu ya mapumziko, nikaoga, nikavaa, nikaenda kuona.

Wakati ule mikahawa ya kule ilikuwa na milango miwili: mmoja wa familia, mmoja wa wanaume walio peke yao. Nikaingia kwa huo wangu. Kulikuwa na kaunta ndefu, na juu yake mkanda unaozunguka, umebeba visahani vya rangi rangi, kila kimoja na matonge mawili ya wali yaliyofunikwa kwa samaki mbichi. Unakaa, unachukua kinachokupendeza kikipita, unakula. Huhitaji kuongea na mtu yeyote. Mwisho wa kaunta, mkanda uliingia kwenye tundu la ukuta wa mbao, tundu lililofunikwa kwa vipande vya mpira vinavyoning'inia, ukaenda kuzunguka upande wa familia, kisha ukarudi kwetu kwa tundu la pili. Sahani ziliruhusiwa kupita. Sisi hatukuruhusiwa.

Nilikaa kiti cha mwisho, jirani na lile tundu. Mara adhana ya Magharibi ikaanza. Kule, saa ya swala, kila biashara ilifungwa. Wafanyakazi wakateremsha mlango wa chuma na kupunguza taa. Waislamu wakaenda kuswali, wengine wakajificha jikoni na simu zao. Mteja aliyekwisha kuingia alibaki humo humo akingoja. Jioni hiyo nilikuwa mimi tu. Nikatia tonge mdomoni, nikatafuna mara mbili, nikasema kwa Kiswahili, "Ee Mungu wangu, kumbe ni mbichi kweli!"

Mtu akacheka nyuma ya ukuta. Mwanamke.

"Ulifikiri watakukaangia, kaka?"

Nikaruka kitini. "Wewe ni Mkenya?"

"Kwani umewahi kusikia Mjapani akicheka hivi?"

"Wa wapi, dada?"

"Taita. Na kwetu, samaki wa hivyo ni wa paka."

"Mimi nimezoea," nikasema. "Nala hapa kila wiki."

"Ndiyo maana ukamwita Mungu."

Nikacheka hadi machozi yakanitoka. Sikumbuki nilikuwa nimecheka lini kabla ya hapo. Nikamuuliza waajiri wake wako wapi, akasema wamekwenda kuswali na watoto, yeye ameachwa. Nikamuuliza yuko meza gani.

"Sijakaa, kaka. Mimi huja kushika mtoto."

Nilielewa. Nimewaona dada zetu wengi wamesimama nyuma ya viti hivyo, wanafuta midomo ya watoto wa wenyewe huku matumbo yao yakinguruma. Nikamwambia angalie tundu, namtumia sahani yenye yai, hiyo angalau imepikwa. Nikaiweka kwenye mkanda, ikapita chini ya mipira. Baada ya muda ikarudi kwa tundu la pili. Wali umeliwa wote, yai limebaki.

"Kaka! Nani hutia sukari kwenye yai?"

Kisha akaniuliza nafanya kazi gani. Sasa hapa usinicheke. Sauti ya nyumbani, baada ya miezi ya kuitwa kwa honi ya gari, nani angejibu kwamba anaosha magurudumu? Nikamwambia mimi ni meneja wa usafiri. Nikaongeza kwamba nilikaa Riyadh, na ubalozini kwetu wananijua kwa jina.

"Kweli?" akasema, na sauti yake ikabadilika kidogo. "Kwa jina?"

"Kwa jina, dada."

Ijumaa ya pili nilikwenda nimenyoa. Adhana ilipolia, mlango uliposhushwa, alikuwepo. Mara hii hakutania sana. Aliniuliza kama kwa vile nina watu ubalozini, ninaweza kumsaidia arudi nyumbani.

"Mkataba wako umeisha?"

"Umeisha. Yote yameisha, kaka. Ila hakuna aliyemwambia mama."

Ningekuwa mtu wa kusikiliza, ningeuliza maana yake. Badala yake nikasema, "Halas, hiyo kwangu ni kazi ndogo," nikaanza kumweleza nyumba nitakayoijenga. Nilimweleza msingi, nikamweleza ngazi, nikamweleza tangi la maji juu ya paa. Yeye aliuliza tu, kwa upole, "Sebule ina madirisha mangapi?" Nami nikamjibu. Swala nzima ikaisha hivyo. Upepo uliotoka kwenye tundu ulikuwa baridi kama wa friji la nyama, nikasema ni kiyoyozi.

Wiki hiyo nilikuwa na furaha, nakuapia. Niliendesha gari nikipiga mluzi mpaka madam akaniuliza kama nimeoa.

Ijumaa ya tatu aliongea kwa haraka, kama mtu ambaye gari linamngoja. "Kaka, usinieleze nyumba leo. Andika namba ya mama. Mpigie tu, umwambie niko wapi. Sifuri, saba, mbili..."

"Ngoja, ngoja kwanza," nikamkatiza.

Simu ilikuwa mfukoni, imejaa chaji. Nakuambia ukweli ambao sikumwambia hata mke wangu kwa miaka mingi: niliogopa. Nikiiandika namba hiyo, itabidi nipige. Nikipiga, yule mama ataniuliza mimi ni nani, na ninafanya nini ili mwanawe arudi. Nami nilikuwa dereva, ikama yangu yenyewe, kile kibali cha kuishi kule, iko mkononi mwa bosi. Nikasema, "Namba peke yake haitoshi, dada. Wiki ijayo nitakuja na fomu zenyewe."

"Wiki ijayo sidhani nitaweza kungoja."

"Si umengoja mpaka leo?"

Akasema, "Sawa, kaka meneja."

Hakusema kwa kejeli. Laiti angesema kwa kejeli.

Katika ukimya uliofuata ndipo nilipogundua jambo. Mimi ni fundi, masikio yangu yanajua mashine. Mota ya mkanda haikuwa ikilia. Ilikuwa imezimwa tangu adhana. Na mkanda ulikuwa unakwenda, polepole, bila hata mtetemo, na kupitia tundu la pili ikarudi sahani niliyokuwa nimemtumia jioni hiyo. Haikuguswa. Nilipoishika, vidole vyangu vilikufa ganzi. Nikajiambia labda mkanda una msukumo uliobaki. Dakika ishirini baada ya kuzimwa? Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angenicheka.

Ijumaa ya nne mkanda ulisimama tangu adhana ilipoanza. Nikaita, "Dada?" Nikaita tena. Nikainua vipande vya mpira, nikachungulia. Giza.

Mlango ulipofunguliwa nikamwita mhudumu mmoja Mfilipino, Rodel, ambaye alikuwa amenizoea kwa kuniona. Nikamuuliza yule dada Mkenya wa upande wa familia amekwenda wapi. Akaniangalia. Tuliongea kama wageni wote wa kule walivyoongea, Kiarabu kidogo na Kiingereza kidogo.

"Upande gani, sadiki? Familia ziko ghorofani. Pale mafi nafar, hakuna mtu. Miezi mitano sasa."

Akanizungusha kupitia jikoni, akawasha taa. Viti vilikuwa vimepinduliwa juu ya kaunta, vyote. Vumbi lilikuwa limetanda juu ya kaunta na sakafu, na hapakuwa na alama ya kidole wala ya kiatu, hata karibu na tundu. Rodel akanionyesha mahali, pembeni, karibu na ukuta. Akasema kulikuwa na familia iliyokuwa ikija na yaya Mwafrika. Daima alisimama pale. Jioni moja wakati wa swala, wenyewe wakiwa chumba cha kuswalia, alianguka. Wahudumu walipomfikia alikuwa ameshafariki. Gari la wagonjwa likamchukua, familia haikurudi tena, na mwenye mkahawa akaufunga upande ule.

"Alikuwa anacheka sana," Rodel akasema. "Kabla hajaanza kuumwa."

"Jina lake?"

Akafikiri. "Sista. Sote tulimwita sista."

Hapo nikakaa chini kwenye lile vumbi na suruali yangu safi. Si kwa sababu nilikuwa nimeongea na mfu. Ni kwa sababu nilijipekua akilini nikitafuta jina lake, na sikulikuta. Wiki tatu! Nilijua idadi ya madirisha ya nyumba ambayo haikuwa imejengwa, na sikujua anaitwa nani. Yeye aliniita kaka, mimi nikamwita dada, kaka, dada, kama tunavyoitana sote tukiwa mbali, mpaka jina likakosa nafasi.

Niliugua siku tisa. Nilipopona nikaenda mtaa wa Ghulail, kwenye vile vyumba ambamo dada zetu hukutana siku za mapumziko, nikauliza. Wakaniambia wanawajua Wataita wengi, yupi? Nikapiga simu ubalozini, ndiyo, pale pale wanaponijua kwa jina. Karani aliyepokea aliongea nami kwa adabu. Akaomba jina la marehemu. Nikasema sina. Jina la kafili? Sina. Namba ya pasipoti? Nikakata simu.

Niliporudi nyumbani, kabla hata ya kununua kiwanja, nilipanda hadi Taita. Jumapili moja niliomba nafasi kanisani, nikasimama mbele, mtu mzima na suti yangu, nikauliza kama kuna nyumba yenye binti aliyekwenda Jeddah na hajasikika tena.

Wanawake wanne walisimama.

Wanne, katika kanisa moja. Nikawauliza namba zao za simu. Zote zilianza na sifuri, saba, mbili. Mmoja akaniuliza, "Baba, huyo unayemjua anaitwa nani?" Nikatazama viatu vyangu. Mwingine, mama mwembamba mwenye kitambaa cha samawati, akasema, "Basi tuambie alicheka vipi." Nikajaribu. Nikaeleza alivyoanza ghafla, alivyonitania kuhusu Mungu na samaki. Wawili kati ya wale wanne wakaanza kulia, kila mmoja akiwa na hakika kwamba ni wake.

Sikuweza kumpa hata mmoja wao ukweli. Nikarudi Nakuru.

Mambo yangu yamenyooka, kama nilivyokuambia. Lakini Ijumaa, jua likizama, mke wangu anajua asinisemeshe. Hunijia sauti, karibu na sikio, si ya hasira wala ya kulaumu: sifuri, saba, mbili. Kisha inatulia, kama mtu anayengoja uandike. Nimekaa na kalamu. Nimesema, "Endelea, dada, leo sitakukatiza." Haiendelei. Nimeombewa na wachungaji watatu, na mmoja wao aliisikia akatoka chumbani bila kuaga.

Kwa hiyo wewe unayefunga sanduku kwenda kule, au uliye kule tayari, nakuonya. Ukikutana na mtu wa kwenu, pembeni mwa duka, kwenye foleni, nyuma ya ukuta, usianze na cheo chako. Muulize jina lake, na la mama yake, na kijiji. Uliza wakati bado anajibu.