Aliyemwosha Sagesse

Simu ya shemasi Théodore ilinikuta saluni, Joubert Park, nimeshasuka nusu ya kichwa cha mteja.

"Dada Angélique, weka kitana chini kwanza," alisema. "Kaka yako Gaston ameanguka kazini asubuhi hii. Mungu amemchukua."

Ilikuwa Jumanne, Julai 2018. Nilimaliza kichwa kile, kwa sababu Gaston asingekubali kazi iachwe nusu. Kisha nikapiga magoti nyuma ya pazia, nikaomba.

Mimi nilimwita Yaya, kama tunavyomwita mkubwa wetu kwetu Lubumbashi. Alifika Johannesburg akiwa fundi cherehani, akawa mlinzi, mwishowe akaajiriwa na Mama Hettie, mwenye shamba nje ya Randburg, amtunzie alpaka. Ni wanyama wa sufu, shingo ndefu, macho makubwa. Kanisani walimtania: "Gaston, vingamia vyako havijambo?" Yeye alijibu, "Hata Daudi alianzia kwa kondoo."

Mwaka 2016 Mama Hettie alimkabidhi alpaka wawili awapeleke kwenye maonyesho ya kilimo, katika mji mdogo wa mashambani. Wawili, maana mmoja peke yake hukataa safari. Wa kushindana alikuwa Sagesse, jike mweupe. Nilikwenda kusaidia siku moja kabla. Yaya alipotoka kufuata nyasi kavu, nilimtazama Sagesse: vumbi tupu, na majani yamenasa kwenye sufu. Kwetu hakuna anayesimama mbele ya watu hivyo. Nikamwosha kwa shampuu ya saluni, nikamchana, nikamwanika juani mpaka akafura kama pamba.

Yaya aliporudi alimzunguka Sagesse mara moja, kisha akauliza, "Mbona hukumsuka kabisa?"

"Amependeza, hakupendeza?"

"Kama bibi harusi," akasema, akaanza kutandaza nyasi.

Kesho yake mwamuzi aliifunua sufu kwa vidole, akatikisa kichwa. Alpaka wa mashindano haoshwi wala hachanwi; mwamuzi anataka kuiona sufu ilivyojikunja yenyewe.

"Nani amemwosha?" aliuliza Mama Hettie.

"Mimi, Mama," alisema Yaya.

Nilifungua mdomo, akanikanyaga mguu.

"Nilidhani unaijua kazi yako," alisema Mama Hettie.

Garini nilimuuliza kwa nini. "Akijua ni wewe, hutakanyaga tena shambani," alisema. "Basi, yameisha."

Kwangu hayakuisha. Mwaka 2017 Yaya aliomba apewe nafasi tena. Sagesse aliingia uwanjani na vumbi lake, akatembea ubavuni mwa Yaya, kamba imelegea, akapata utepe wa kwanza. "Sasa umejifunza," alisema Mama Hettie. Yaya akacheka: "Nimejifunza, Mama." Ningeweza kusema siku ile. Nikanyamaza.

Jumamosi tulimzika Westpark. Kabla ya jeneza kushushwa, ndugu huitwa kutoa ushuhuda. Mama Hettie alikuwa amesimama mstari wa pili. Nilisema kwa Kiingereza ili anielewe, kisha nikarudia kwa Kiswahili:

"Yaya yangu aliijua kazi yake tangu siku ya kwanza. Sagesse nilimwosha mimi."

Mama Hettie alinitazama, akaitikia kwa kichwa, akavua kofia yake.

Shemasi Théodore aliomba. Wanaume wanne walishusha jeneza kwa kamba. Nilitupa udongo wangu, na Mama Hettie akatupa wake baada yangu. Tukaimba wimbo wa maziko, beti zote nne, na saa saba mchana tukaondoka.