Mafuta Niliyoyaunguza Mpaka Yakawa Meupe

Mimi ni mutoto wa maziwa. Nilizaliwa kwenye vilima vya Masisi, upande wa Kitshanga, katika nyumba ambamo hakuna muntu aliyekula majani mbele ya mugeni. Papa alikuwa akisema majani ni kazi ya ng'ombe: yeye anakula majani, sisi tunakunywa maziwa, mambo yamekwisha. Tulicheka, na tuliamini. Kila asubuhi nilibeba bidoni ya maziwa mpaka sokoni, na huko njo nilikutana na bwana yangu, aliyekuwa akipandisha mafuta ya mawese kutoka Walikale kuja kuyauza kwetu. Nilimuambia asisogeze ile bidoni yake nyekundu karibu na nguo yangu. Alinioa hata hivyo.

Alinipeleka kwao Itebero. Pori, mvua, na hakuna ng'ombe hata mumoja. Siku ya kwanza mama-mukwe alinipokea na bugali na sombe, yale majani ya muhogo yaliyotwangwa, imejaa mafuta mekundu, na vidole vyangu vilibaki na ile rangi mpaka kesho yake. Nilikula kwa heshima tu. Nilipopata jiko langu mwenyewe nikaanza kuunguza mafuta, sawa na nilivyoona wanawake wengine wa mujini wakifanya.

Kuunguza si kazi ya muntu muzembe. Unamwaga mafuta ndani ya sufuria, unafunika vizuri, unachochea kuni, halafu unangoja moshi utoke mpaka macho yakuwashe. Ukifunua haraka, moto unaruka na kukuunguza uso. Ukingoja mpaka yapoe, unafunua na kukuta mafuta meupe, unaona mpaka chini ya sufuria. Hayana harufu, hayachafui nguo, hayaachi alama kwenye sahani. Mimi nilikuwa fundi. Wanawake walikuja kujifunza kwangu, na hata mumoja aliyekuwa akipikia wachimbaji wa madini wa Bisie alinunua kwangu chupa kwa chupa. Niliringa, nasema wazi.

Mama-mukwe alipita siku moja katikati ya ule moshi, akakohoa, akasimama mulangoni.

"Mwana yangu, unafanya nini?"

"Nasafisha mafuta, Mama."

"Kwani ilikuwa chafu?"

Moyoni nilichemka kuliko ile sufuria. Niliona ananidharau mimi muntu wa milimani, na mimi nilikuwa tayari nimewadharau wao. Akasema polepole tu, "Ukiitoa rangi, inabaki maji ya kukaangia," akaenda zake.

Mutoto wetu wa kwanza, musichana, alipenda sana nyumba ya nyanya yake. Kila akitoka huko, mudomo ulikuwa mwekundu na kanzu ilikuwa na madoa. Kanzu moja niliifua mara tatu, doa halikutoka. Nikamukataza kula kule. Mama-mukwe hakugomba. Alianza kutuma sahani nyumbani kwangu, sombe ao lenga-lenga, ule muchicha wa kwao, imepikwa na yale mafuta yake, na mimi nilikuwa nikiishukuru mbele ya muntu aliyeileta, kisha naimwagia mbwa. Yule mbwa alinona. Mutoto wangu alikula bugali, maharagi na mafuta meupe ya mama yake.

Karibu mwaka ulipita hivyo. Alipokaribia miaka mitano, nikaona amekuwa muvivu. Muchana anaruka na wenzake, lakini jua likianza tu kushuka, anakaa chini karibu na ukuta na hatoki hapo. Nikimutuma chumvi, anasema, "Mama, siioni." Chumvi iko mbele yake. Jioni moja aliingiza muguu ndani ya sufuria ya maharagi niliyokuwa nimeitua chini, maharagi yote yakamwagika. Nilimupiga kofi, nikamuuliza macho yake iko ya kazi gani.

Niliuliza mutoto wangu lile neno.

Kisha surua ikaingia kijijini. Alishikwa na homa, upele, macho yakavimba na kufunga. Nilimupangusa na maji ya vuguvugu nikingoja yafunguke, na siku ya ine yakafunguka. La kushoto lilikuwa jekundu. La kulia lilikuwa na kitu cheupe juu ya mboni, sawa na ngozi inayokaa juu ya uji uliopoa. Nilimufunga mugongoni, nikapanda pikipiki bila hata kuvaa viatu.

Kwenye kituo cha afya nilimukuta muganga mwanamuke, muntu muzima, ambaye alionekana hajapumzika tangu juzi. Aliangalia lile jicho muda murefu. Halafu, badala ya kuniuliza juu ya surua, akaniuliza mutoto anakula nini. Nilijibu na kifua mbele, kwani nilijua sifa yangu: bugali, maharagi, mafuta ninayoyaunguza mimi mwenyewe, safi, hayana hata rangi.

Aliweka kalamu chini.

"Mama, na majani je? Sombe? Lenga-lenga?"

"Kwetu hatukuzoea."

"Paipai? Maboga?"

"Mara moja moja."

"Na jioni, jua likishuka, anaona?"

"Anaona," nilisema. "Iko tu muvivu jioni."

Nilisikia mudomo wangu ukisema vile. Chumvi. Ukuta. Maharagi. Muganga hakuwa amesema kitu bado, na mimi nilikuwa tayari nimeelewa, na nilikuwa nikikataa kuelewa.

Alinieleza bila ukali. Ile rangi nyekundu ya mawese, alisema, njo chakula ya macho. Iko pia ndani ya majani ya kijani na ndani ya paipai iliyoiva. Maziwa yetu ya Masisi nayo yana kitu kama hicho, njo maana sisi tulikua tunaona bila kula majani. Lakini hapa hakuna maziwa, na ukiunguza mafuta mpaka yakawa meupe, umekiua kile kitu chote. Mwili wa mutoto unaanza kukosa, anakosa kuona giza likianza, na surua ikimukuta katika hali hiyo, inakula jicho.

Nilikasirika. Nilimuambia asinitanie, kwamba hakuna mama anayeweza kumutoa mutoto wake macho kwa usafi. Akachukua kidonge kidogo laini, akakikata ncha na makasi, akamukamulia mutoto mudomoni. Kilichotoka kilikuwa na rangi ya manjano, kizito, kikang'aa kwenye mudomo wake. Kilikuwa mafuta. Nilisafiri na kulia njia nzima kutafuta dawa, na dawa yenyewe ilikuwa mafuta yenye rangi. Nilikaa chini kwenye sakafu ya simenti.

Walimupa tena kesho yake, na tena baada ya juma mbili. Siku ya tatu jioni alitembea peke yake mpaka kwenye choo na kurudi. Jicho la kushoto lilipona kabisa. La kulia lilibaki na kovu jeupe, na muganga aliniambia nisipoteze nguvu kulitafutia dawa nyingine.

Niliporudi nilingoja mama-mukwe aseme kwamba alinionya. Hakusema. Alileta sufuria yake, tukamulisha mutoto pamoja, mimi nikitoka machozi na yeye akipuliza bugali ipoe. Nilizunguka kwa wale wanawake wote niliowafundisha, nikawaambia waache kuunguza. Lakini sababu yenyewe, jicho, nilikuwa nikiimeza. Kijiji chote kilisema surua njo ilichukua lile jicho. Bwana yangu alisema hivyo. Nami niliwaacha waseme, miaka mine yote, nimejificha nyuma ya surua.

Mwaka huu anafikisha miaka tisa. Anasoma vizuri, isipokuwa anageuza kichwa kidogo akifuata mustari. Siku moja ya juma lililopita, tukichambua sombe wote wawili nje ya nyumba, aliniambia kwamba shuleni wanamucheka, akaniuliza jicho lake liliharibika namna gani. Nilifungua mudomo kusema surua. Nikashindwa.

Nilimuambia yote: mafuta, sahani za nyanya yake, mbwa, kofi. Nilimuambia surua ilimaliza tu kazi niliyoianza mimi. Kisha nikangoja alie, ao anichukie, kwani niliona ni haki yake. Hakulia. Aliendelea kuchambua majani.

"Nilijua sioni," alisema. "Njo maana nilikuwa nahesabu. Toka mulango mpaka kwa moto, hatua saba. Toka kwa moto mpaka kwenye maji, hatua tano. Nilikuwa nazihesabu muchana, wakati naona, ili jioni usikasirike."

Alikuwa hajafika miaka mitano, na mimi nilikuwa nikimuita muvivu.