Kapteni Anarudi Noonkopir

Zile filamu za vyombo vya angani zilitufikia mtaani kwetu Noonkopir zikiwa zimeshapitia mikononi mwa DJ, yule jamaa wa kurekodi sauti yake juu ya picha na kutusimulia kwa Kiswahili. Kiingereza kilimpiga chenga, lakini hilo halikumsumbua hata kidogo. Kwake yeye, mtawala katili wa sayari zote alikuwa landilodi, na kapteni alikuwa mpangaji aliyefukuzwa, anazunguka nyota akitafuta njia ya kurudi kwa mke wake. Baadaye nikiwa chuoni niliziona za Kiingereza, nikakuta kapteni hana hata mke. Nilimweleza mama.

"Hizo zenu zilikatwa," akanijibu.

Baba alikuwa wakala wa kutoa mizigo mpakani Namanga, na alikuja nyumbani wikendi, saa anazotaka yeye. Akiulizwa, jibu lake lilikuwa moja: kawia ufike. Halafu Jumapili, baada ya kanisa, anakaa kwenye kochi kando ya mama na kumkemea kapteni kwa kuchelewa.

Kisha filamu zikaoza. Kapteni akaondolewa bila kwaheri, wakaletwa vijana warembo wa kulialia, na roboti wakawa wengi kuliko watu. Katika ile ya mwisho unamsikia DJ mwenyewe akipiga miayo. Baba akasema heri taarifa ya habari. Miaka michache baadaye alifariki barabarani, akitoka Namanga kuja nyumbani.

Sasa wamemfufua kapteni katika filamu mpya, ana mvi, na kitambi kimebanwa ndani ya vazi la angani. Watengeneza filamu hawaziki mtu anayeuza tiketi. Mimi nilicheka. Mama hakucheka. Macho yake yameharibika, siku hizi anaona vivuli tu.

"Mimi niko na swali moja," aliniambia. "Alifika ama hakufika?"

DJ aliacha kazi zamani, anauza chakula cha kuku. Basi Jumapili nikaiweka filamu kwenye runinga, nikakaa kando ya mama na kuanza kusimulia kwa uaminifu. Mtawala wa sayari ametuma majeshi, nikasema.

"Huyo ni nani tena? Landilodi ako wapi?"

Nikasalimu amri. Nikamrudisha landilodi, nikamwongezea mbwa mkali na askari wa geti anayesinzia. Mama alicheka hadi akafuta machozi kwa leso.

Karibu na mwisho, chombo cha kapteni kililipuka, na yeye ndani. Nilishikwa na hasira. Wamemtoa kaburini mzee wa watu ili wamuue vizuri zaidi. Muziki ukawa wa matanga, na mama si kiziwi.

"Kumeendaje?"

"Ameshuka hapo barabarani," nikasema. "Anatembea pole pole. Amekawia, lakini amefika."

Mkono wa mama ukapapasa upande wa kochi aliokuwa akikaa baba.

"Mwambie aingie," akasema. "Chakula iko, imepoa tu."