Teke la Bunduki ya Baba

Juzi mafundi wa barabara walikuwa wanapasua mwamba nyuma ya shule ninayofundisha, hapa Lembeni. Mlipuko ulipokwisha, upepo ukaingiza harufu ya baruti darasani, kali kama ya kiberiti kilichowashiwa puani. Watoto walicheka wakaziba masikio. Mimi nilisahau nilichokuwa naandika ubaoni. Harufu ile naijua tangu nina miaka kumi na mitatu, kwetu Mhezi, mwaka ambao baba alipata kiharusi.

Baba alikuwa na shotigani ya mitutu miwili aliyorithi kwa babu, nayo ilikuwa na kibali cha polisi. Hakuwa mwindaji wa kusifiwa. Kazi yake ilikuwa kuwafukuza nyani na nguruwe pori waliotoka msituni kuja kula mahindi yetu na ya majirani, na kwa kazi hiyo watu walimheshimu kuliko mwenyekiti wa kijiji. Kiharusi kikamlaza mkono wa kulia na kuufanya ulimi wake kuwa mzito. Mtoto alikuwa naye mmoja tu, mimi. Mahindi yalipoanza kubeba, alimwambia mama anitolee bunduki.

"Huyu Nakundwa? Na mwili wenyewe huu?" mama aliuliza.

"Bunduki haichagui mwili," baba alisema. "Inataka kushikwa tu."

Akakaa kwenye kiti cha kamba pembeni ya shamba. Debe bovu likawekwa juu ya kisiki, nami nikaambiwa nilipige. Niliinyoosha ile bunduki mbele yangu, mbali kadiri mikono ilivyoweza kufika, nikafyatua. Mlio siukumbuki. Nakumbuka mawingu, maana nilikuwa chali katikati ya majani ya maboga, shavu limechanika, na bega kama limepigwa teke na punda. Debe lilikuwa palepale. Kuku wa mama hawakuonekana mpaka jioni.

Baba hakucheka. Alingoja nijikusanye.

"Umeishika kama mtu aliyeokota nyoka," alisema polepole, akilitafuta kila neno. "Ukiiweka mbali inapata nafasi ya kukimbia kabla haijakugonga. Kitako kibane begani, hapa penye nyama, chini ya mfupa wa mtulinga. Shavu lilaze kwenye mbao. Mguu wa kushoto mbele, halafu inama kidogo, kama unasukuma mlango."

Basi ikawa hivyo kila siku nikitoka shule. Mama alinikunjia kipande cha kitenge akakishonea ndani ya gauni, begani, na bado bega lilibadilika rangi, likawa la zambarau, kisha kijani, kisha manjano kama embe bovu. Nilijifunza kusimama. Nilijifunza kubana. Lakini kila kidole kilipogusa kifyatulio, macho yalijifunga yenyewe na bega likarudi nyuma kabla bunduki haijalia, na risasi ikaenda zake angani.

Siku moja baba aliomba bunduki, akaifungua kwa mkono wake mzima, akaihangaikia sana huku amenipa mgongo, kisha akanirudishia. Nililenga debe, nikafyatua. Bunduki ikatoa sauti ya tik, basi. Alikuwa ameweka ganda tupu la risasi. Hata hivyo mimi nilikuwa nimeshajirusha nyuma, macho nimefumba, meno nimeyauma.

"Umeona?" alisema. "Haijakupiga. Umejipiga mwenyewe."

Nililia. Si kwa maumivu, kwa aibu.

Nyani walikuja Jumamosi asubuhi, kundi zima, wengine na watoto mgongoni. Nilisimama kama nilivyofundishwa, nikafyatua mtutu wa kwanza, nikapiga mawingu. Wakakimbilia kwenye majabali juu ya shamba, wakakaa wakitutazama. Mtutu wa pili nao ulikwenda hukohuko. Jumapili walirudi. Jumatatu walikuwa wameshajua kwamba kelele zile hazimdhuru mtu, wakawa wanavunja mahindi huku mimi nafyatua. Baba alikuwa kwenye kiti chake, anatazama.

Siku ya nne nilikuwa mtoni nachota maji niliposikia mlio. Niliacha ndoo nikapanda mbio. Kiti kilikuwa kimepinduka, naye yuko chini, bunduki imemlalia kifuani. Alikuwa ameiegemeza kwenye bega la kushoto, mtu ambaye upande mmoja wa mwili hauwezi kusukuma hata mlango. Mtulinga ulivunjika. Nyani walikuwa bado shambani.

Vijana walimbeba kwa machela mpaka barabarani, akapelekwa hospitali. Alirudi baada ya wiki kadhaa, kiharusi kimemrudia, haongei tena. Mvua za vuli hazikumkuta.

Baada ya mazishi mimi na mama tuliteremka Same kuikabidhi bunduki polisi. Askari alifungua faili, akatoa karatasi.

"Tulikuwa tunaisubiri hii," alisema. "Mzee alituandikia kabla hata ya kupanda. Alisema hawezi tena, ataileta baada ya mavuno. Tukamkubalia."

Mwandiko ulikuwa wa mkono wa kushoto, herufi zimelala huku na huku kama mahindi baada ya upepo. Mama aliusoma, akairudisha karatasi, akasaini alipoonyeshwa.

Kwa miaka mingi nilimkasirikia. Alijua bunduki inaondoka. Alijua mtoto hapewi kibali. Na nadhani tangu siku ya maboga alijua kwamba mimi siwezi. Sasa mateso yale yalikuwa ya nini? Nilikuja kuelewa nikiwa na mtoto wangu, na kuelewa huko hakujanisaidia. Katika maisha yake baba alikuwa na kitu kimoja alichokijua kuliko watu wengine, na miezi michache iliyombakia ya kuwa baba wa mtu. Hakuwa na kingine cha kunipa. Yale mahindi yalikuwa sababu tu ya kuniweka karibu na kiti chake.

Nami kila jioni nilimuuliza swali lilelile: "Baba, tumemaliza?"

"Bado kidogo, mwanangu," alikuwa akijibu, nami nikishusha pumzi kwa nguvu, makusudi, ili asikie kwamba nimemchoka.